Mgombea wa Temeke Atazamwe kwa Lipi?

Kwa muda wa miezi michache tumekuwa tukipokea barua kutoka kwa wanachama wenzetu waliohamia Dar es Salaam, na nyingine kutoka kwa wanachama walio hapa kisiwani ambao watoto wao wako huko, Tandika, Mtoni, Keko, Mwananyamala na Tandale. Barua hizo zasema jambo moja kwa maneno mbali mbali. Yuko bwana mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, anayejitayarisha kugombea ubunge wa Temeke katika uchaguzi ujao. Amewaambia watu wetu kwamba akifika Bungeni ataipigania bei ya karafuu, na kwamba mkulima ataweza kuteremsha magunia yake Dar es Salaam na kumuuzia amtakaye. Basi wako wanaotaka mfuko wa chama umsaidie fedha za kampeni, na wako wanaotaka kijarida hiki kitoe picha yake na kumsifu.

Twajibu hapa hapa mwanzoni, asije mtu akasoma mpaka mwisho akitafuta jina. Sisi katika ofisi ya chama hatuungi mkono shauri hilo, na tutalipinga katika mkutano mkuu. Mfuko wa chama umetokana na ada za wanachama, na ndani yake imo ada ya mjane mwenye mikarafuu minne kama ilivyo ada ya mwenye mia nne. Wanachama hawa hawamo katika chama kimoja cha siasa, na tukitoa senti moja ya mjane yule kumpa mgombea asiyempenda, tumemdhulumu. Hata hivyo swali lililo nyuma ya barua hizo ni la haki, nalo lastahili jibu. Mtu anapokuja kutaka kura, atazamwe kwa lipi?

Yafaa tuseme kwanza kwa nini jambo la Temeke na Kinondoni linatuhusu sisi wakulima wa kisiwani. Msimu ukiisha, fedha ya karafuu haikai hapa yote. Nyingine yalipa kodi ya chumba Mwananyamala, nyingine yamfungulia kijana kibanda cha biashara Tandika, nyingine ni karo ya mtoto aliyeko skuli. Na msimu ukiwa mbaya, ni vijana wale wale wa Temeke wanaotuma fedha kurudi huku. Kwa hiyo mbunge wa huko akiwa mzembe, hasara yake yavuka bahari ikatufikia.

Tuanze na elimu, maana ndiyo wanayoiuliza wengi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 67, yasema kuwa anayetaka kuchaguliwa kuwa mbunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Haikutaja cheti cha darasa wala shahada. Mzee aliyesoma chuoni kwa maalim wake, kisha akajifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, mlango wa Bunge haukufungwa mbele yake.

Temeke yenyewe ilipata somo kubwa juu ya jambo hili. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, mbunge wa Temeke alikuwa Bwana Kihiyo wa CCM. Elimu yake ikatiliwa shaka, mashauri yakafika mahakamani, na mwaka 1996 akajiuzulu kiti. Tangu hapo vijana wa Dar es Salaam wakalifanya jina lake kuwa neno la mtaani, na hata leo mtu akijidai elimu asiyokuwa nayo huitwa kihiyo, na wengi wa kundi lake vihiyo. Sisi hatupendi jina la mtu, ambalo ni jina la ukoo na la watoto wake, ligeuzwe kuwa tusi la miaka mingi. Lakini somo lenyewe halina budi kushikwa. Kutokuwa na cheti hakukuwa kosa, kwa kuwa Katiba haikukitaka. Mashaka yalizuka juu ya ukweli wa yale yaliyosemwa. Mgombea akituambia, "Mimi niliishia darasa la saba, lakini sheria nitasomewa na nitauliza mpaka nielewe," huyo twaweza kumwamini. Akituambia kuwa amesoma ng'ambo, yafaa tumwulize chuo gani na mwaka gani, na asikasirike.

Kila mwanachama wetu ajua kupima karafuu. Mnunuzi aliye hodari hatazami juu ya gunia tu. Hutia mkono mpaka chini, akatoa konzi moja, akaitazama rangi, akaibana kwa vidole kama imekauka, akaangalia konyo zilizobaki na uchafu ulioingia. Juu ya gunia kila mtu huweka karafuu nzuri. Mgombea naye katika mkutano wa hadhara huweka juu yaliyo mazuri, wala hatumlaumu, ndiyo desturi ya soko. Kazi ya kutia mkono mpaka chini ni ya mpiga kura.

Sasa tuje kwa mgombea aliyekipata kiti kile kilichoachwa wazi, maana habari yake yafaa kusomwa na kila anayetaka kujua jinsi ya kumpima mtu. Naye ni marehemu Augustino Lyatonga Mrema. Alizaliwa mwaka 1944 katika mkoa wa Kilimanjaro, akawa mwalimu, kisha mtumishi katika idara ya usalama, halafu mbunge wa kwao. Mwaka 1990 Rais Ali Hassan Mwinyi alimfanya Waziri wa Mambo ya Ndani, na hapo ndipo jina lake lilipovuma nchi nzima. Aliwapa watumishi wazembe siku saba wamalize jambo. Aliwahimiza wananchi wajenge vituo vidogo vya polisi katika mitaa yao. Alisikiliza kesi za wanawake waliotelekezwa na waume zao. Aliwatia moyo sungusungu. Mwaka 1993 akapewa na cheo cha Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hakikuwamo katika Katiba. Mwisho wa mwaka 1994 akahamishiwa wizara ya kazi, na mwanzoni mwa mwaka 1995 akapoteza uwaziri baada ya kupingana na Serikali yake hadharani. Akakihama CCM, akaingia NCCR-Mageuzi, akagombea urais mwaka ule ule na kupata karibu asilimia 28 ya kura, nyuma ya Benjamin Mkapa aliyepata karibu asilimia 62.

Oktoba 1996 Mrema akagombea ubunge wa Temeke katika uchaguzi mdogo, akamshinda mgombea wa CCM, Abdul Cisco Mtiro. Ushindi huo una mambo mawili ya kujifunza, moja tamu na moja chungu.

Tamu ni hili. Temeke ni mji wa pwani, na wenyeji wake wa asili ni Wazaramo na Wandengereko, na pamoja nao wamejaa watu wa kusini, watu wa visiwani na watu wa kila pembe. Wengi wao ni Waislamu. Watu hao walimchagua Mchagga, Mkristo, mtu wa mlimani, bila ya kumwuliza babu yake alizikwa wapi. Walitazama aliyoyatenda. Wanachama wetu wanaotuandikia kwamba mgombea fulani achaguliwe "kwa sababu ni mtu wetu wa visiwani" na wakumbuke hayo. Watu wa Temeke walikwisha kuuvuka mto huo mwaka 1996, na aibu itakuwa yetu tukiwarudisha ng'ambo.

Chungu ni hili. Watu walimkumbuka Mrema waziri, wakamchagua Mrema mbunge, na kazi hizo mbili si moja. Waziri wa Mambo ya Ndani aweza kumwita mkuu wa polisi na kumpa siku saba. Mbunge wa upinzani hana polisi wa kumwamuru wala karani wa kumwachisha kazi. Alilo nalo ni ulimi wake Bungeni, kura yake moja, na kiti chake katika baraza la manispaa. Mtu aliyemchagua akitumaini kwamba Jumatatu asubuhi atawaona wala rushwa wa Temeke wakikimbia, alitumaini jambo lisilokuwamo katika uwezo wa kazi ile. Hatusemi kuwa Mrema aliwadanganya. Twasema kuwa sifa ya kazi aliyoiacha mtu si dhamana ya kazi anayoitaka, na mpiga kura aulize, "Hayo uliyoyafanya, uliyafanya kwa cheo gani? Na cheo unachokitaka leo kinakuruhusu kufanya lipi?"

Basi ni nini awezacho mbunge? Yafaa kila mwanachama akijue, maana asiyejua kipimo cha pishi hupunjwa sokoni. Kwanza, hutunga sheria pamoja na wenzake na kupitisha bajeti ya Serikali ya Muungano. Pili, humwuliza waziri maswali, na waziri hana budi kujibu mbele ya watu. Tatu, ni mjumbe katika baraza la madiwani la halmashauri yake, na humo ndimo yanamosemwa mambo ya mitaro, masoko, zahanati na madarasa. Nne, ni mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha ya mfuko huo ni ya umma, si sadaka yake. Akijenga choo cha skuli kwa fedha hiyo kisha akaandika jina lake ukutani, amejisifu kwa mali ya watu.

Na asichokiweza ni nini? Hapa ndipo twamrudia bwana yule wa Temeke. Karafuu si jambo la Muungano. Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014 ilitungwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Bei ilipopandishwa mwaka 2011 hata kufika shilingi 15,000 kwa kilo moja ya daraja la kwanza, wanachama wakaezeka nyumba zao upya na magendo ya kwenda Mombasa yakapungua, uamuzi huo ulitoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Shirika lake la Biashara la Taifa. Haukutoka Dodoma. Mbunge wa Temeke, hata awe na sauti ya radi, hana meza ambayo bei ya karafuu huwekwa juu yake. Aliyetuahidi bei ametuahidi mali iliyo katika ghala la mtu mwingine. Ama hajui kazi anayoiomba, ama ajua na anadhani sisi hatujui. Wala hatujui lipi kati ya hayo mawili lililo afadhali.

Twasikia mtu akisema, "Je, hakuna kabisa jambo la karafuu lililo mikononi mwa Bunge?" Lipo, nasi hatutaki kumnyima mgombea haki yake. Forodha na bandari ya Dar es Salaam ni mambo yanayosemwa Bungeni, na mkulima anayepeleka au kuleta bidhaa kati ya kisiwani na bara ayajua malalamiko ya ushuru unaotozwa mara mbili. Malalamiko hayo ni ya miaka mingi, na mbunge mwema wa Temeke, ambako bandari iko mlangoni pake, aweza kuyapeleka kwa waziri swali baada ya swali mpaka yajibiwe. Angelituambia hivyo tungalimsikiliza kwa masikio mawili. Ahadi ndogo iliyo ndani ya uwezo wa mtu yashinda ahadi kubwa iliyo nje ya uwezo wake.

Tuje kwa jambo la tatu, nalo ni la kudumu katika chama kilichokupeleka. Tunalisema kwa uangalifu, maana latugusa sisi watu wa visiwani kuliko wengine. Mwaka 2015 vyama vya upinzani vilivyoungana katika UKAWA viliwaachia wagombea wa CUF majimbo ya Kinondoni na Temeke. Maulid Mtulia alishinda Kinondoni na Abdallah Mtolea alishinda Temeke. CUF ni chama kilichokuwa na mizizi mirefu Pemba, na wanachama wetu wengi walifurahi siku ile. Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu na kuingia CCM, akisema kuwa anaunga mkono juhudi za Serikali, na Februari 2018 akarudi Bungeni kwa tiketi ya CCM. Novemba 2018 Mtolea naye akafanya vivyo hivyo, akapita bila kupingwa. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 2020, majimbo yale yalikwenda kwa watu wengine, Abbas Tarimba Kinondoni na Dorothy Kilave Temeke, wote wa CCM.

Hatukuyataja hayo ili tuwatukane mabwana wale. Mrema mwenyewe aliyechaguliwa na Temeke kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi alikihama chama hicho mwaka 1999 akaingia TLP, baada ya ugomvi wa viongozi. Kwa hiyo kuhama si ugonjwa wa chama kimoja wala wa miaka hii tu. Na tukitaka kuwa waadilifu tuseme na haya, kwamba Desemba 2015, Serikali ilipoanza kubomoa nyumba za bonde la Msimbazi kwa sababu ya mafuriko, Mtulia, akiwa mbunge mpya wa Kinondoni, alisimama pamoja na wakazi waliokwenda Mahakama Kuu kutaka ubomoaji usimamishwe. Hiyo ilikuwa kazi ya mbunge hasa, na anayemhukumu kwa kuhama peke yake amesahau nusu ya daftari.

Lakini kuhama kuna gharama, na gharama hailipwi na anayehama. Katiba yasema kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka hupoteza kiti. Uchaguzi hurudiwa, fedha ya umma hutumika mara ya pili, na fitina iliyolala huamshwa. Siku moja kabla ya kupiga kura Kinondoni, tarehe 16 Februari 2018, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wakiandamana, mwanafunzi mmoja wa chuo alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa abiria. Kila tukisikia mtu akisema kuhama kwa mbunge ni jambo lake na nafsi yake, twamkumbuka mtoto yule.

Wako wanaojibu kwamba kosa ni la sheria iliyomfunga mbunge na chama kama ng'ombe na mti, na kwamba kama mgombea binafsi angeliruhusiwa, mtu angelisimama kwa jina lake na kujibu kwa jina lake. Shauri hilo lina nguvu. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilitoa hukumu kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kumnyima raia haki yake. Sisi twaona hukumu ile ilikuwa sawa, na sharti la chama lililomo katika ibara ya 67 yafaa liondoshwe. Lakini maadamu sharti limo, mpiga kura amwulize mgombea mbele ya watu, "Ukitofautiana na chama chako utafanyaje? Utaturudia sisi kwanza, au tutasikia redioni?" Jibu liandikwe na tarehe yake.

La nne ni kukirimiwa. Wapo katika barua zetu walioandika bila haya kwamba bwana yule ni mkarimu, amegawa sukari na khanga Mtoni, amewapa vijana jezi za mpira. Mwaka 2000 kuliingizwa katika sheria ya uchaguzi kifungu kilichoruhusu takrima kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakibatilisha, ikaona kuwa chakwenda kinyume cha Katiba kwa sababu chambagua maskini asiyekuwa na cha kugawa. Tuliosoma chuoni twajua mbali na mahakama yoyote kwamba rushwa imekatazwa, atoaye na apokeaye. Na tukihesabu kama wakulima, hesabu yake ni mbovu. Kilo mbili za sukari kwa miaka mitano ni nini? Hakuna mwanachama wetu ambaye angeukodisha mkarafuu mmoja kwa miaka mitano kwa bei hiyo, naye atoa jimbo zima.

Kisha yako mambo ya kuulizwa juu ya kazi yenyewe, na hapa twawasemea watoto wetu walioko huko. Kinondoni, mgombea aulizwe juu ya mafuriko ya bonde la Msimbazi, na wanaohamishwa watalipwa nini na wataishi wapi. Temeke, aulizwe juu ya vijana wa Keko wanaotengeneza makabati na vitanda kando ya barabara, watapewa mahali pa kudumu au watafukuzwa kila mwaka. Aulizwe juu ya watu wa Mbagala, ambako tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya kambi ya jeshi yalilipuka yakaua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba nyingi, na malalamiko ya fidia yakaendelea kwa miaka. Mbagala sasa ni jimbo mbali, lakini wilaya ni moja na majirani ni wale wale. Aulizwe juu ya maji, juu ya kodi ya pango inayodaiwa ya miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja, juu ya mama anayejifungua hospitali ya Temeke na kukosa kitanda. Mgombea anayeweka mambo kumi na matano mbele, yote ya kwanza, hakuweka lolote mbele. Achague matatu, aseme la kwanza ni lipi, aseme kwa fedha gani, na aseme katika mwaka wa pili wa ubunge wake tutaona nini kwa macho.

Twajua kuna wanachama watakaosema, "Bwana Katibu, maswali haya yote ya nini, na hali tuliiona?" Ni kweli tuliiona. Mwezi wa Oktoba 2025, siku ya kupiga kura na siku zilizofuata, watu walipoteza maisha Dar es Salaam na kwingineko, intaneti ikazimwa, na mji ukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Wako wazazi katika chama hiki waliokaa siku kadhaa bila ya kujua kama mtoto aliyeko bara yu hai. Baada ya hayo, kumwambia mtu akamwulize mgombea juu ya mitaro huonekana kama mzaha. Sisi hatuna jibu la kumfariji kila mmoja. Ila twaamini hivi, kwamba mtu aliyeacha kuuliza amewarahisishia kazi wale wasiotaka kuulizwa. Swali lililoulizwa barazani kwa adabu, mbele ya mashahidi, likaandikwa, halipotei hata kama kura ilipotea. Mikarafuu yetu mingi ilipandwa na wazee waliojua kwamba hawatachuma wao. Hawakuacha kupanda.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na tutayaweka mbele ya mkutano mkuu ili wanachama waamue. Chama kisitoe fedha kwa mgombea yeyote, wa Temeke wala wa kisiwani, wa chama tawala wala wa upinzani. Kijarida hiki kisitoe picha ya mgombea wala sifa zake. Badala yake, wanachama wetu walioko Dar es Salaam wakutane, wa Temeke mahali pao na wa Kinondoni mahali pao, na wawaalike wagombea wote bila ya kubagua, kila mmoja kwa muda ulio sawa. Wawaulize mambo matano. Umesoma nini na umefanya kazi gani, na nani ashuhudie? Hayo unayojisifu kwayo uliyafanya kwa cheo gani? Mambo yako matatu ya kwanza ni yapi, nayo yamo katika uwezo wa mbunge? Ukitofautiana na chama chako utafanyaje? Na fedha ya kampeni yako yatoka wapi? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, yaletwe hapa, nasi tutayachapa yote kwa kipimo kimoja bila ya kuongeza neno.

Bwana yule wa Temeke naye aalikwe. Huenda akaja akasema kwamba bei ya karafuu haimo mikononi mwake, ila ushuru wa bandarini atauulizia. Akisema hivyo tutamchapa hivyo, na watu wa Temeke watampima wenyewe. Na asipokuja, nafasi yake katika ukurasa itaachwa tupu chini ya jina lake, na hilo nalo msomaji atalifahamu.

Barua za wanachama juu ya shauri hili zifike ofisini kabla ya mkutano mkuu. Walio mbali wanaweza kumtuma jamaa kwa mkono. Wanaopinga maoni yetu waandike pia, nasi twaahidi kuzisoma barua zao mbele ya mkutano sawasawa na za wanaotuunga mkono.

Katibu wa Chama